Chupa Namba Kumi na Nne

Siku ya kwanza, maziwa.
Mafuta na maji, majirani wasioamkiana,
mashine imewakoroga mpaka wamesahau ugomvi.
Nadondosha kidogo kwenye kioo cha darubini, nasoma,
na Mladen, kijana wa mafunzo, anaandika:
maikroni sifuri nukta tatu.
Matone karibu yote sawa, kama dengu zilizochaguliwa na mtu mwenye subira.

Ni Mei. Kazanlaki inanuka waridi hadi ndani ya mkate.
Wachumaji wametoka saa kumi alfajiri,
petali zimefika kiwandani na umande wake,
na mafuta yake ndiyo haya, ndani ya krimu ya mikono
ambayo wachumaji hawainunui.

Siku ya tatu, nukta nne.
Siku ya nane, nukta tano.
Mladen anakunja uso: yamegongana? Yamemezana?
Hapana. Tazama vizuri.
Kila tone bado limevaa ngozi yake ya lesithini, haijatoboka.
Hakuna aliyemgusa mwenzake.

Ila tone dogo limejikunja mno,
mgongo wake unayabana mafuta yaliyo ndani,
na mafuta ya waridi, tofauti na mengine,
yanajua kuogelea kidogo.
Chembe moja inachungulia, inatoka,
inakatiza maji bila mzigo,
inabisha hodi kwa tone kubwa, inakaribishwa.
Kesho nyingine.
Dogo linadhoofu, na kwa kudhoofu linavuja zaidi,
mpaka siku moja unahesabu na halipo,
wala hukusikia kitu.

Kijijini kwetu, Gorna Slivka, hapakuwa na vita.
Hapakuwa na mafuriko.
Kwanza alikwenda daktari wa meno, halafu basi la Jumanne,
halafu shule, yenye watoto wanne, ikafungwa kwa kufuli jipya kabisa.
Mimi nilitoka na begi moja la bluu.
Kazanlaki haikutupora. Ilifungua mlango tu.

Siku ya kumi na tano, nukta sita.
Siku ya arubaini, nukta nane, na shingoni mwa chupa
utando mzito umeanza kuelea.
Namfundisha Mladen kuchora: si kipenyo,
chora mchemraba wa kipenyo dhidi ya siku.
Nukta zinajipanga kwenye mstari ulionyooka
kama watu wanaosubiri basi.
Anafurahi. Umri wake unaruhusu kufurahia mstari.

Chupa namba kumi na tano ni ile ile,
isipokuwa tuliyachanganya mafuta ya waridi
na mafuta mazito kidogo, yasiyo na harufu, yasiyo na bei.
Siku ya arubaini: nukta tatu na kitu.
Mafuta mazito si mashujaa.
Hayajui kuogelea, basi.
Yanabaki ndani ya tone dogo, na kila waridi likitoka
yenyewe yanakolea, na kule kukolea
kunalivuta waridi lirudi.

Mama yangu, Stoyanka, hajawahi kusema anakipenda kijiji.
Anasema: magoti.
Anasema: mbuzi nitamwachia nani?
Nyumba kumi na moja zimezimwa taa, yake inawaka,
na kwa sababu inawaka, basi la Ijumaa bado linapinda pale kwenye daraja,
na dereva Kuncho bado anajua jina la mahali.

Nampelekea krimu, chupa ya kumi na tano, iliyobaki baada ya vipimo.
Anajipaka kwenye vifundo vya vidole, ananusa.
“Waridi limezidi,” anasema,
anafuta mikono kwa aproni,
ananiuliza kama nitalala au narudi leo.

Mbuzi analia nje.
Nasema nitalala.
Katika daftari la Jumamosi sijaandika kitu.